Mawimbi Niliyoyaita Samaki

Mwalimu,

Nimeketi kwenye meza yako hapa ofisini Homa Bay. Usinikasirikie, sikuinyakua. Walinipa baada ya mazishi yako, na droo yake bado haifunguki mpaka uipige teke. Nina jambo la kukuambia, na haki ya Mungu ningependa kukuambia ukiwa hai, unigombeze, yaishe.

Unakumbuka nilivyokuja? Nimetoka chuo juzi, najiona bingwa wa hesabu. Ukanipandisha kwenye boti ya utafiti, ukaniketisha mbele ya ile mashine ya kupima samaki. Inatuma mlio chini ya maji, mlio unagonga kitu, mwangwi unarudi na kuchora alama kwenye karatasi. Ukaniuliza, "Akinyi, huyo ni samaki ama ni ziwa linapiga domo?" Nilicheka. Kumbe hilo ndilo lilikuwa swali la kazi yetu yote.

Nakumbuka mchana ule karibu na kisiwa cha Mfangano, ulipofungua nyoyo aliyokupikia mkeo, Mama Otieno, na kupanga mahindi na maharagwe juu ya kiti cha boti. Rundo katikati, chache pembeni, umbo la kengele. Ukasema hiyo ni kelele ya mashine yenyewe, haina shida, haiendi mbali na wastani wake. Kisha ukachukua maharagwe machache ukayaweka mbali upande wa kulia, moja moja. "Na hili ni ziwa likichafuka. Mawimbi, mapovu, magugu. Mara chache tu, lakini likipiga kelele linapiga kubwa kama samaki mbuta mzima. Huo mkia ndio utakudanganya." Halafu ukaula mkia wote, mimi ukaniachia mahindi. Wewe nawe!

Basi sikiliza. Ulipolazwa, kazi ya Muhuru Bay ilikuwa imebaki, na boti tungeipata alasiri peke yake. Ukaniagiza kitu kimoja: kabla ya kuhesabu samaki, nipime kelele ya ziwa mahali ambapo nyavu zimetoka tupu, na nipime saa ile ile ya kuhesabu. Lakini mimi unanijua. Mtoto wa ziwa anayetapika ziwani, ulikuwa ukinicheka. Upepo wa saa tisa pale Muhuru ulinitia hofu. Nikaomba mtumbwi wa mvuvi mmoja, nikaibeba mashine, nikapima saa mbili asubuhi, maji yamelala kama kwenye beseni. Kengele ikatoka nzuri ajabu. Nikachora mstari wangu, nikasema mwangwi wowote unaoupita ni samaki. Alasiri nikahesabu kwa mstari huo huo wa asubuhi, macho nimeyafumba nusu.

Nikakuletea ripoti kitandani. Uliniuliza neno moja tu: "Ulipima alasiri?"

Nikasema ndiyo.

Ukatia sahihi bila kufungua ukurasa wa pili. Mwalimu, uliyekuwa ukikagua hata kujumlisha kwangu!

Ripoti ikasema ghuba imejaa mbuta. Ule mpango wa serikali wa kupumzisha ghuba, pasivuliwe kwa muda mahali wanapokulia samaki wachanga, ukawekwa kando, maana wa nini, samaki si wapo? Wavuvi wakaendelea. Ukafariki. Halafu mwezi uliopita mama mmoja anayekausha omena, wale dagaa wa ziwani, pale ufuoni alininyooshea mbuta wa kiasi cha kiganja. "Nyathina, mwanangu, wale samaki wenu wa kwenye karatasi wako wapi?" Sijalala vizuri tangu hapo.

Nikarudi Muhuru. Nikatoka saa tisa, nikatapika mara mbili, nikapima. Mashine ikapiga kelele samaki, samaki. Nikawaomba wavuvi watupe nyavu hapo hapo. Zikatoka tupu. Tukarudia, tupu. Nilipochora grafu, mkia ulikimbia ukapita ukingo wa karatasi, ikabidi nigundishe karatasi ya pili. Sehemu kubwa ya samaki wangu ilikuwa mawimbi.

Nikasimama mbele ya mkutano wa ufuoni nikawaambia. Mtu akapaza sauti kwamba hata mwalimu wenu alitia sahihi. Nitakuambia ukweli. Ingekuwa rahisi sana kukuachia wewe lawama. Kisha nikasema nilikudanganya ukiwa mgonjwa, na mkeo alikuwa pale, amekuja kununua omena. Alijitwika beseni lake akaondoka bila kunisalimu. Nililia mbele ya watu wote, sikuona aibu.

Ghuba itapumzishwa, wamekubali. Ripoti mpya nimeweka jina lako kwanza. Karani akasema marehemu haandiki ripoti. Nikamwambia njia ya kupima ni ya Mwalimu, makosa yalikuwa yangu, acha jina.

Jumapili nikaenda nyumbani kwako Uriri, kwa Mama Otieno. Sikwenda Jumamosi, najua Sabato haguswi na habari za kazi. Nilimkuta anapalilia mtama karibu na kaburi lako. Nikamsaidia mpaka jua likapanda. Kisha akanyoosha mgongo akaniambia, "Siku ile ya mwisho aliniuliza kama kule Muhuru kulikuwa na upepo. Nikamwambia mimi sijui, nitajuaje?" Akarudi kupalilia.

Kwa hiyo ulikuwa na shaka, na bado ulichagua kuniamini. Hilo linanikata kuliko matusi yoyote ambayo ungenipa.

Nakuahidi, Mwalimu. Sitapima tena mahali penye utulivu ili nihukumu mahali penye fujo. Nitatapika na nitapima. Na nisipojua, nitasema sijui.

Oriti, kwaheri, Mwalimu wangu. Lala salama. Na lile swali ulilomuuliza Mama Otieno, nakujibu mimi: upepo ulikuwepo. Ulikuwa mkali sana.

Akinyi