Mtani, Mkweo Anachagua Shule Uingereza

Mnyamwezi wewe,

Umelala? Lala tu, ndiyo kazi uliyokuwa unaiweza. Sisi uliotuachia watu wako huku hatulali. Au niseme mimi silali, maana wenyewe wanalala vizuri kwenye jumba lao kule Umhlanga, halafu kila Jumapili wanakuja na gari hapa Greyville, Durban, kunichukua nikawasaidie kufikiri. Mimi Sefu! Mtu ambaye shule niliiona kwa nje, nikipita na mbuzi.

Barua hii naandika mwenyewe, usidhani nimetafuta karani. Kusoma nilijifunzia kwenye maboksi ya bandarini, unajua, ndiyo maana herufi zangu zote kubwa na zimesimama kama askari. Ungekuwa hai ungezicheka. Sasa huna mdomo, soma.

Kwanza mazishi yako, maana wewe hukuyaona vizuri. Nilikufanyia utani kamili. Gari lako lilipofika pale kwenye robot za barabarani, taa nyekundu ikawaka, nikateremka nikajilaza mbele yake na kanzu yangu nyeupe. Nikasema Mnyamwezi huyu hapiti mpaka walipe. Teksi zikapiga honi mpaka nikasikia raha. Mkweo Mmarekani akaja mbio, akadhani nimezimia, akaanza kunifungua vifungo vya shingoni. Mwanao Tabu, analia huku anacheka, ikabidi amweleze mumewe kwamba huyu ni Mzaramo, mtani wa baba, na kwetu mtani akikamata kitu msibani hakiachii mpaka kikombolewe. Maskini akanipa pochi nzima. Nikachukua sarafu moja, nikakuruhusu upite. Durban nzima mpaka leo wanahadithia. Hakuna Mnyamwezi aliyezikwa vizuri namna ile tangu wakoloni.

Sasa sikia balaa. Kampuni ya mkweo, hiyo anayoitengenezea mitambo ya kupakulia makontena, inamhamisha tena. Safari hii Singapore. Basi wamekaa na Tabu, wamekubaliana mtoto wao Kabula asihame nao, apelekwe shule ya bweni Uingereza. Nikawauliza, nyie Wamarekani, shule za kwenu zimeungua? Mkweo akanieleza kwa upole wake ule unaoudhi. Akasema za Uingereza zina bweni la maana, darasani watoto wachache, na ukimaliza kule vyuo vya Marekani vinakupokea kwa mikono miwili. Nikamwambia mimi Marekani ilinipokea kwa mikono miwili pia, mmoja wa polisi na mmoja wa uhamiaji.

Hakucheka. Tabu naye hakucheka. Na Kabula, mjukuu wako, ndio kabisa. Mtani, huyo mtoto ndiye anayeninyima usingizi. Tangu uondoke hasemi. Anakula, anaoga, akiulizwa anajibu ndiyo au hapana, basi. Ulikuwa unamchokoza tangu asubuhi mpaka anatupa viatu. Sasa nyumba ile wote wana adabu. Nikasema moyoni, wakimpeleka kule kwenye ukungu na kimya hiki, mtoto atatupotea akiwa hai. Nikaapa haendi.

Lakini kwanza ilibidi nishauri, maana kosa ni langu na lako. Miaka yote nilikuwa nawasimulia Uingereza, na wewe unaitikia, "Sefu anaijua ile nchi kama kiganja." Siku nne, mtani! Siku nne bandari ya Hull, meli yetu ikishusha mbao, na mbili kati ya hizo nilikuwa naumwa tumbo. Sasa mkweo anakunjua ramani mezani, ananiuliza huku kaskazini baridi yake ikoje, watu wake wakoje. Nifanyeje? Nikamwambia baridi ya kule inaingia kwa kupiga hodi, ukiikaribisha inakaa mpaka Juni. Akaandika.

Na hizo shule zenyewe! Zinaleta vitabu vya picha, zinaleta na kanda za video. Zote zina majani ya kijani, zote zina kanisa, zote zina msichana mmoja anacheka amekumbatia fimbo ya mpira wa magongo. Nilichukua kitabu kimoja nikamwonyesha jirani yangu Mkongomani, yule wa saluni. Akafungua, akafunga. "Papa Sefu, hii iko shule ama iko hoteli?" Nikamwambia iko shule, hoteli hawakuamshi alfajiri kukimbia kwenye matope.

Mkweo mwenyewe amechanganyikiwa, basi tu hataki kusema. Kwao shule ya umma ni ya bure, ya watoto wote wa mtaani. Kule Uingereza shule yenye jina hilohilo ndiyo ya matajiri wa kutupwa. Wiki mbili alikuwa anazipigia simu akidhani amepata nafuu. Madarasa nayo hawahesabu sawa, ikawa hajui hata mwanawe aingie la ngapi. Halafu kila shule inataka mlezi, mtu anayekaa kulekule, wa kumchukua mtoto likizo ndogo za katikati ya muhula. Wakanigeukia wote. Baba Sefu, huna mtu Hull? Nikasema ninaye. Eish, mtani, ninaye! Mwuza samaki wa kukaanga aliyenipa chumvi ya ziada. Mkweo akachora duara kwenye Hull kwa kalamu nyekundu.

Miezi mitatu ndiyo hiyo. Mkweo anataka moja kubwa ya milimani, yenye mito na mitumbwi, eti itamkomaza. Tabu anataka moja karibu na London, ya wasichana watupu, eti akiugua uwanja wa ndege upo jirani. Wanabishana kwa Kiingereza, wakichoka wanageuka kwangu, wananipa chai yenye barafu. Chai, Mnyamwezi, yenye barafu. Mimi natafuna barafu, Kabula amekaa kwenye ngazi anatuangalia. Hakuna aliyemgeukia yeye.

Jumapili iliyopita nafika, nakuta sanduku sebuleni. Sanduku jeusi la bati, kubwa, lenye kona za shaba, jina la Kabula limeshapakwa rangi nyeupe ubavuni. Shule hawajachagua, sanduku wamenunua! Damu ikanipanda. Nikavua kofia, nikalikalia. Nikamwambia Tabu kwa Kiswahili cha kwetu, mwambie mumeo sanduku hili limekamatwa. Halitoki nyumba hii mpaka mwenyewe aulizwe.

Mkweo akaleta pochi. Amejifunza, si mjinga. Nikairudisha. Tabu akashika mdomo, machozi yakamjaa, akamwambia mumewe, "Hataki hela. Anadai haki ya baba: Kabula aulizwe."

Yule bwana, na urefu wake wote, akaenda akapiga magoti pale kwenye ngazi, akamwuliza mwanawe, wewe unataka wapi.

Mimi nilikuwa nimeshatabasamu, nakuambia. Nilikuwa nasubiri aseme nataka kubaki na Babu Sefu.

Kabula akasema, "Nataka ile ndogo, ya kule kwenye mvua. Kitabu chake mlikitupa chini ya meza."

Mama yake akauliza kwa nini ile, haina hata bwawa la kuogelea.

"Mama wa bweni yupo pale tangu yeye msichana. Imeandikwa. Haondoki." Halafu yakatoka mengine yote, mtani, kama bomba lililopasuka. "Nimesoma shule nne. Kila nikijua majina ya watu tunafunga mizigo. Babu ndiye alikuwa hahami, na yeye kahama. Nyie nendeni Singapore. Mimi nataka nikae mahali mpaka wanichoke."

Baba yake aliinama akaokota kile kitabu chini ya meza, akakipangusa kwa mkono wa shati. Mimi nilikuwa bado juu ya sanduku. Nimelikamata ili abaki, na mtoto amekombolewa aende, na mkombozi ni mimi mwenyewe! Umewahi kuona mwizi anajiibia?

Kabula akaja mpaka mbele yangu. "Babu, toka kwenye sanduku langu."

Nikasema sitoki, utani una malipo.

Akaniangalia vile ulivyokuwa unaniangalia wewe, jicho moja dogo. Akasema, "Malipo gani, Mzaramo? Sisi Wanyamwezi tulibeba pembe kutoka Tabora mpaka baharini kwa kichwa. Nyie mlitungoja pale chini ya minazi mmekaa. Na mpaka leo umekaa."

Mtani wangu. Nilicheka mpaka meno ya bandia yakatoka. Tabu akajibwaga kwenye kochi analia. Mkweo akawa anauliza, amesema nini, amesema nini, na hakuna wa kumtafsiria. Mimi nikaamka, nikampa sanduku lake, nikaenda jikoni nikafungua bomba la maji ili nisisikiwe. Nilidhani nilikuzika na mdomo wako. Kumbe ulimwachia.

Wamekubali shule ile. Anaondoka Agosti. Jana mkweo kapiga simu tena, eti orodha ya sare inataka soksi za rangi mbili, na je, Hull ni mbali kutoka pale? Nimemkatia simu. Wamarekani wako watanizika, na sioni mtani atakayewalipisha.

Basi pumzika, mvivu wewe, Mungu akulaze mahali pema. Mimi nakuahidi hivi: kila mwezi nitamwandikia Kabula tusi moja jipya, kwa herufi zangu hizihizi kubwa, walimu wake washangae. Akinijibu kwa matusi, nitajua yuko mzima. Akinijibu kwa adabu, mtani, nitapanda ndege mwenyewe nikamchukue.

Sefu