Vibandiko vya Sabuni ya Mama

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kile kikohozi kimekuachia na kazini hawakuchoshi sana. Sisi miili ni mizima, ila nyumba imepoa.

Unamkumbuka yule mshauri wa biashara, ambaye Mama alimpachika jina la Bwana Ramani? Alisema sabuni ya Mama inaweza kuuzwa nchi tatu za jirani, ila kila nchi ina kibandiko chake, muhuri wake na masharti yake. Mama alicheka, akamwambia hata kuolewa ni rahisi zaidi. Mimi sikucheka. Mtu anayemchekea mpaka paka wetu, namtilia shaka.

Kila Jumamosi alikuja kunusa ndoo na kuuliza kinachochanganywa. Siku moja nilimkuta anapiga picha rafu ya mafuta. Baadaye akaleta fomu, akaniomba niijaze huku Mama akitaja vyote vilivyomo kwenye sabuni, maana imeandikwa kwa Kiingereza, ambacho Mama hakisomi. Nikajisemea, huyu anatuibia.

Mwezi uliopita katoni zote arobaini zilirudishwa kutoka mpaka wa nchi mojawapo. Maabara yao ilikuta mafuta ya karanga, na kibandiko hakikuyataja. Kumbe wapo wanaovimba wakiyagusa. Nchi ile imetufungia mwaka mzima. Mama alimwakia Bwana Ramani, akamwambia ana mdomo mtamu na mkono mzembe, asikanyage tena hapa.

Kaka, ni mimi. Mama aliyataja yale mafuta, tena mara mbili. Niliyaruka makusudi, ili mwizi akiiga sabuni yetu imkatalie. Ningemuuliza tu fomu ni ya nini, angenijibu kuwa ni ya kibandiko. Lakini unanijua, mbele ya mgeni ulimi wangu hugoma.

Kinachoninyima raha ni kwamba siku ile Mama anamfukuza, alikuwa na fomu mkononi. Aliutazama mwandiko wangu, akanitazama mimi, akaikunja, akamwambia Mama kosa ni lake. Mpaka leo najiuliza anataka nini kwetu. Halafu naona aibu kwa kujiuliza.

Kusema siwezi. Barua hii nimeiandika mara mbili. Ya pili nimeifunga kwenye dumu la mafuta ya karanga, ambalo Mama hulishika kabla hata ya chai. Ukiipata hii, atakuwa ameshaisoma yake. Mpigie, Kaka, uniulizie kama arudishwe Bwana Ramani, na kama mimi bado ni mwanawe.

Msalimie wifi, na mtoto umbebe kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Kimya