Kigoda cha Dada Ndeshi

Marangu, Jumapili

Dada Ndeshi, shikamoo.

Ng'ombe amezaa na kahawa imechanua. Mama anatetemeka vilevile, na sasa anaanguka.

Tulidhani ni Parkinson. Daktari wa Moshi alimtazama akitembea, kisha akaniuliza kama huwa anaona watu wasiokuwepo. Nikasema anamwona mmoja tu, wewe. Kila asubuhi anakupakulia mtori wa kwanza, anauweka mbele ya kigoda kitupu, na mimi niliyemwogesha ananiamuru nikuamkie. Krismasi mbili hujapanda nyumbani, lakini jikoni hutoki.

Daktari akasema hicho ndicho alichokuwa anatafuta. Magonjwa haya yanafanana kwa kutetemeka, ila kuona watu mapema hivi kunaelekeza kwenye ugonjwa wa Lewy, unaovuruga na akili pia. Akaandika dawa ya kukuondoa. Nilianza kumpa siku hiyohiyo, tena kwa furaha.

Wiki hii hakuoni tena. Jana aliuliza umekwenda wapi, akalia. Nikaenda kukaa kwenye kigoda chako. Akanipakulia mtori wa kwanza, akaniita Ndeshi.

Nikaitika.

Mdogo wako,
Aikande