Filadelfia Bila Mwenyeji

Dada Mumbua,

Tunaenda. Nimeanza na hilo kwa sababu hukuwahi kumvumilia mtu anayezungukazunguka kabla ya kusema alichokuja kusema. Mimi na Mutuku wangu tunaenda Filadelfia mwezi ujao, siku sita, kutembea tu, ingawa wewe hupo tena wa kutupokea.

Ungetaka kwanza habari za nyumbani, basi nikupe. Mama anakula. Analala kwa shida, lakini anakula. Kaburi lako limeshajengewa, nimeliona kwa picha. Karatasi yangu ya kutoka Saudia na kurudi ilipitishwa siku mbili baada ya wewe kuzikwa. Madam, mwajiri wangu, aliniletea habari jikoni akiwa na haya usoni, maana alikuwa ameihangaikia kwelikweli. Nikamwambia asante, nikaendelea kuosha mchele. Mpaka leo sijui kwa nini niliendelea kuosha mchele.

Ndiyo maana safari hii imenilemea hivi. Ulipotuandikia barua ya mwaliko ulikuwa mzima wa afya, na viza tulizipata kwa barua hiyo hiyo. Ulituonya kwa simu: "Msije na mambo ya nyumbani, kukaa kwa mtu wiki nzima mkinywa chai na kutazama televisheni. Mnakuja kuona mji." Ukatusimulia kengele yao ya uhuru yenye ufa, jinsi watu wanavyopanga foleni kuitazama, ukasema kwetu ingekuwa imeshauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mutuku alikuwa ameegesha gari nje ya shule kule Al-Suwaidi, Riyadh, akiwasubiri watoto wa bosi wake. Alicheka mpaka mlinzi akaja dirishani kuuliza kuna nini.

Halafu moyo wako ukasimama ukiwa kazini hospitalini, kabla hata hatujakata tiketi.

Baada ya hapo kila mtu alituuliza swali moja: mnaenda kwa nani? Madam aliuliza, wenzake Mutuku wakauliza. Na si swali baya. Watu wa kwetu hatusafiri kwenda mahali, tunasafiri kwenda kwa mtu: kwa shangazi, kwa binamu, kwa mtu wa kanisani. Hata huku nilikuja kwa kafili, mwajiri anayenidhamini, jina lake limeandikwa kwenye ikama yangu, kibali changu cha kuishi, na Mutuku vivyo hivyo. Hatujawahi kukanyaga mji ambao hakuna mtu anayetungoja. Tumeoana miaka tisa, dada, na mwaka ukiwa mzuri hupanda basi mara mbili kutoka Riyadh kuja kuniona huku Jeddah. Tunakula kuku na wali, tunatembea kidogo ufukweni, tunaagana kama watu waliokutana arusini.

Mutuku mwenyewe alianza kulegea. "Mwende, bila Dada si tutakuwa tunazurura tu?" Lakini aliyenimaliza ni Mama. Alisema, taratibu kabisa, "Kwa mazishi hukuja, kwa matembezi unaenda?" Nikamkatia simu. Sijawahi kumkatia Mama simu tangu nizaliwe. Nilikaa kwenye kitanda changu, huku mtaa wa Aziziya, nikasema basi, halas, safari imekufa.

Ila ratiba nilikuwa nimeshaiandika kwenye daftari, kila siku na ukurasa wake, na unanijua nisivyoweza kutupa kazi niliyoimaliza. Nikaipiga picha, nikamtumia Mutuku, angalau mtu mmoja aione kabla sijaichana. Baada ya saa moja akapiga.

"Mke wangu, wewe hii kengele unaiona saa ngapi?"

"Saa tatu usiku."

"Inafungwa saa kumi na moja jioni. Na lile jumba walimotilia saini uhuru wao, umetupeleka baada ya isha. Ijumaa asubuhi umeandika 'kulala, kila kitu kimefungwa.' Nani kawaambia Wamarekani wafunge Ijumaa?"

Dada, nilikuwa nimeupanga mji mzima kama Jeddah! Mchana tujifungie kwa sababu ya jua, magharibi tuoge, usiku ndio tutoke. Miaka minane ya kuishi kwa saa za watu, na sikujua kwamba saa hizo zimeshanifuata hadi kwenye likizo yangu mwenyewe. Nilicheka, nikacheka tena, madam akaja mlangoni kuuliza kama naumwa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu ufariki. Na katikati ya kicheko nikalitaka jambo hili kwa moyo wote: kutembea na mume wangu saa nne asubuhi, jua limetoka, hakuna mtoto wa mtu wa kuvalisha wala bosi wa kusubiri.

Nikampigia Mama siku hiyo hiyo. Nikamwomba radhi kwa kukata simu. Kisha nikamwambia, "Mama, mazishini nilizuiwa na karatasi. Hii karatasi ninayo, na aliyenipa ni Mumbua. Siendi kwa mtu. Naenda na mume wangu." Nikadhani sasa ni zamu yake kunikatia. Akasema, "Basi mbebe makoti. Yeye alikuwa akilalamika baridi kila siku."

Kafili wangu amekubali, na bosi wa Mutuku amemwambia, "Yalla, nenda, lakini rudi." Tiketi ziko tayari. Ratiba nimeiandika upya, safari hii ya mchana. Kengele siku ya kwanza, kisha ule uchochoro wa nyumba kongwe za matofali, ambako ulisema watu bado wanaishi. Hospitali yako na mtaa wako nimeviweka siku ya tano, si ya kwanza. Usinikasirikie. Nataka kwanza niuone mji kwa macho yangu, ndipo niuone kwa yako.

Pumzika, dada yangu. Nakuahidi kitu kimoja, nacho nitakitimiza: sitaifanya safari hii kuwa matanga. Nitalia, najijua, na pengine nitalia mahali pabaya, katikati ya barabara, watu wakitutazama. Mutuku atanishika mkono mchana kweupe, nami sitauondoa, na tutavuka.

Mdogo wako,
Mwende