Bahari ya Kaskazini Nimeinywa Mimi

Dada Neema,

Shikamoo, na pole na joto la Dodoma. Huku Mwika ukungu unaingia hadi jikoni, nimeshaazima sweta la mama mkwe.

Jana ukweni tulikaa na wazee kunywa mbege, ile pombe yao ya ndizi na ulezi. Babu yake wifi yako Ndeshi, wanamwita Meku, aliionja kwanza kama desturi yao, kisha akanipa kata, kubwa kama kichwa changu. "Mwalimu," akasema, "redio inasema bahari inakula barafu ya Ncha ya Kaskazini. Kwani maji ya huko si ya baridi?"

Si unanijua! Badala ya kunywa nikaanza kufundisha. Mbege ndiyo bahari, nikasema, na machicha ya ulezi yanayoelea ndiyo barafu. Nikapuliza kama upepo, machicha yote yakakimbilia ukingo wa pili. Wazee wakaguna kwa kuridhika. Nikanogewa. "Halafu mikondo ya bahari inapandisha maji ya uvuguvugu kutoka chini, hivi!" Nikatia kidole, nikakoroga.

Ndeshi alijifunika uso kwa khanga. Kata ile ilikuwa ya wazee wote, Dada.

Meku akakitazama kidole changu, akaitazama bahari. "Somo limeeleweka, mkwe wangu. Sasa inywe. Yote."

Nikainywa, na barafu yake. Kitandani nilifikishwa na mashemeji wawili.

Wabusu watoto. Na redio ikitangaza tena kwamba barafu ya Kaskazini imepungua, nakuomba usinitaje.

Mdogo wako akupendaye,
Joeli