Baba Yako na Vitasa vya Milango

Ghorofa ya pili,
Jengo la nyuma ya soko.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mwanangu Kasuku,

Pokea salamu za shangazi yako, ambaye bado anakuita jina la utotoni ingawa sasa una watoto wako wa kukuchosha kwa maneno. U hali gani? Mgongo wa mumeo umepoa, au bado anatembea kama aliyemeza ufagio? Na yule mdogo, meno yameota? Mimi nipo. Magoti yananisumbua kukiwa na baridi, lakini macho hayajanitupa. Nikimaliza gazeti narudia vitabu vyangu vya zamani.

Baba yako ni mzima. Anakula, anameza dawa zake, na kila asubuhi anakwenda kwenye karakana ya seremala kupiga msasa viti. Kuhusu chumba chake nakuja huko. Usirukie mwisho wa barua, maana nakujua, utasoma mstari mmoja kisha unipigie simu kuniuliza mengine yote.

Unaikumbuka tabia yake ya jioni. Baada ya kula hupita kwenye korido za jengo zima, akashika kitasa cha kila mlango, akakizungusha mara moja taratibu, kisha akaenda kulala. Haingii kwa mtu, hasemi na mtu. Majirani wa zamani tulishamzoea. Lakini jengo lilipopakwa rangi walikuja wapangaji wapya, na mmoja wao, mshonaji wa ghorofa ya tatu, aliogopa. Simlaumu. Yuko peke yake ndani, kitasa kinazunguka, na hajui ni nani.

Mwenye nyumba alimletea baba yako notisi: ahame mwisho wa mwezi, au mimi dada yake niweke sahihi apelekwe kwenye ile hospitali ya wagonjwa wa akili iliyo nje ya mji. Hayo ndiyo niliyokuandikia mara ya mwisho, nawe ukaniuliza kama uje umchukue au ukubali niweke sahihi. Sikukujibu upesi, unisamehe.

Muuguzi wa kliniki anayempa dawa ndiye aliyetuelekeza. Alisema kuna ofisi juu ya duka la viatu, wanasheria wake wanawatetea bure watu wenye matatizo kama ya baba yako. Nilidhani bure hiyo ina mkia. Haina. Mlangoni pana kibao: "Msaada wa kisheria kwa watu wenye ulemavu wa afya ya akili." Baba yako alikisoma kwa sauti, akanigeukia: "Dada, umeona? Mtaani mimi kichaa tu, hapa nina ulemavu wa afya ya akili. Nimepanda cheo."

Mwanasheria ni mwanamke wa umri wako, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusubiri. Nikakaa, nikafungua mkoba, nikaanza kumweleza ndugu yangu alivyo. Aliniacha nimalize sentensi moja tu. "Samahani mama, mteja wangu ni yeye. Naomba utupishe kidogo."

Utupishe! Mimi ambaye tangu tulipokimbilia nchi hii nimemsemea baba yako kwa madaktari, kwa waajiri, kwa maofisa wa kila rangi ya kofia. Nikamtazama baba yako anitetee. Akasema, "Nenda tu dada, nikikwama nitakuita. Hata kinyozi huwa unamwambia wewe ninavyotaka nywele." Basi nikatoka, nikakaa kwenye benchi la korido pamoja na maboksi matupu ya viatu, nikisikia sauti yake kupitia mlango bila kuyapata maneno. Alizungumza muda mrefu. Sikujua kwamba ana maneno mengi kiasi kile.

Siku ya baraza la nyumba, ambako mwanasheria aliipinga ile notisi, tulikuwa wachache: mwenyekiti, mwenye nyumba, mshonaji, mwanasheria na sisi wawili. Mwanasheria alisimama akasema mambo mawili. Kwanza, mtu hafukuzwi kwa sababu ya ugonjwa kabla haujatafutwa utaratibu utakaowafaa wote. Pili, kwenda hospitali au kutokwenda ni uamuzi wa mteja wake, si wa mwenye nyumba, wala si wa dada yake. Hapo alinitazama kidogo. Nikatazama dari.

Mshonaji akasema, "Mimi simchukii mzee. Nataka tu nikiwa naoga nisisikie kitasa kinazunguka." Hata mwenyekiti alificha tabasamu.

Kisha mwenyekiti akamwuliza baba yako kwa nini anashika milango ya watu.

"Nahakikisha."

"Unahakikisha nini?"

"Kwamba imefungwa. Ile siku tunaondoka kwetu mimi ndiye niliyetoka wa mwisho. Mpaka leo sikumbuki kama niliufunga mlango."

Kasuku, siku ile tuliondoka pamoja. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu. Nakumbuka mlango wenyewe, rangi yake ya buluu iliyokuwa ikibanduka chini, kwenye kona, na komeo lililotaka kusukumwa kwa bega. Kama aliufunga, mimi pia sijui. Nilikuwa nimeshatangulia njiani. Na miaka yote hii sikumwuliza anatafuta nini kwenye vitasa, maana nilidhani ni ugonjwa tu.

Mwanasheria akamwambia aeleze lile pendekezo lake. Lilikuwa lake, nisisitize, hakufundishwa. Anayetaka mlango wake uangaliwe, afunge kitambaa kwenye kitasa. Asiye na kitambaa, atampita. Mwenye nyumba akacheka, mwenyekiti hakucheka. Akaamua baba yako abaki chumbani, utaratibu huo ufuatwe, na notisi ifutwe. Kukiwa na malalamiko mapya, yarudi barazani kwanza, si mlangoni kwake. Mwanasheria alimpa baba yako mkono, akashika njia kwenda kwenye kesi nyingine.

Kesho yake mshonaji alishuka na mfuko wa vipande vya nguo vilivyobaki kwenye kazi zake, akauweka mbele ya chumba cha baba yako bila kubisha hodi. Kwenye mlango wake mwenyewe hajafunga kitu hadi leo, na baba yako anaupita kama ukuta. Milango mingine mingi ina vitambaa.

Nilimsomea barua yako. Akasema, "Mwambie Kasuku aje kunisalimia, asije kunichukua." Kwa hiyo sahihi yangu haihitajiki, wala ridhaa yako.

Jambo la mwisho ni dogo. Mimi sikufunga kitambaa. Nilijiambia sina haja, mimi ni dada yake, na yale ni ya majirani. Jioni ya kwanza nikasikia hatua zake kwenye korido. Zilifika mlangoni kwangu, zikapita. Nilikaa na kitabu mkononi nisisome. Kumbe siku zote nilikuwa nikisubiri kitasa kizunguke ndipo nazima taa. Niliinuka nikaujaribu mlango mwenyewe. Umefungwa. Nikarudi kukaa, nikainuka tena.

Asubuhi nikamwendea kumwomba kitambaa. Akapekua mfuko bila haraka, akanipa cha kijani chenye doa. "Umechelewa dada, vizuri vimeisha."

Nisalimie mumeo, mwambie aache kubeba vitu vizito. Wabusu wajukuu wangu, na mkubwa mwambie bibi anasubiri ile picha ya nyumba aliyoahidi kuchora. Mungu akulinde utokako na uingiako.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye leo kama siku ile niliyokubeba.