Sote Tulifungiwa Ndani ya Tangi Lile

Mshauri wetu mpendwa, nisaidie kabla sijachanganyikiwa. Mimi ni fundi cherehani, mama wa binti mmoja, na tangu nipate fahamu nimekuwa na kumbukumbu moja ambayo sikuwahi kumwambia mtu: niko mdogo, nimefungiwa ndani ya tangi tupu la maji, harufu ya kutu imenijaa puani, kiatu kimoja kimenivuka, na juu ya mfuniko kuna mtu anagonga kwa vidole, taratibu, kama anayesubiri chai, wala hasemi kitu, na ndiyo maana hadi leo siwezi kukaa kwenye chumba kilichofungwa mlango.

Juzi nilikuwa kwa dada yangu tunakunja nguo, nikajikuta nimeropoka yote isipokuwa kile kiatu, naye akaliacha shuka likaanguka, akasema, "Huyo nilikuwa mimi. Na kiatu changu kimoja kilinivuka." Tulitoleana maneno mabaya, yeye akisema namwibia maisha yake, mimi nikisema mwizi ni yeye, mwishowe tukaenda kwa mama atuamue. Mama alikuwa anachambua maharage. Alitusikiliza, akaweka ungo chini, akasema kwa sauti ndogo, "Ni mimi. Nyie mlikuwa hamjazaliwa. Na sijawahi kumwambia mtu, hata baba yenu."

Tangu hapo dada hapokei simu zangu, mama hataki kuulizwa, jirani anasema kuna mkono wa mtu, na jana binti yangu, ambaye hata shule hajaanza, alikataa nifunge mlango wa bafu, nikamuuliza kulikoni, akanijibu, "Yule wa vidole atakuja." Mshauri, kumbukumbu hii ni ya nani?

MSHAURI ANAJIBU

Pole, fundi, na kwanza achana na jirani. Kumbukumbu si picha iliyotundikwa ukutani. Kila ukikumbuka, akili inaishona upya, na haichagui kitambaa: ulichoona, ulichosikia, ulichoota, vyote vinaingia. Kwa hiyo hakuna mwongo kati yenu watatu. Nilipokupigia kabla ya kuchapa barua hii, nilikuuliza mtoto hulala na nani ukichelewa kazini. Ukasema, "Na bibi yake. Hata sisi tulikuwa tunalala naye."

Basi. Ninavyoona, mama yako huzungumza usingizini bila kujijua, na kila mtoto aliyelala ubavuni mwake ameyapokea maneno yale akiwa nusu macho, akayafanya yake. Wewe na dada yako, watu wazima, hamwoni haya kugombania hofu kama shamba la urithi? Mpigie leo. Asipopokea, nenda mlangoni kwake ukae hapo.

Halafu mkamwone mama pamoja, mchana, milango ikiwa wazi. Nimeirudia barua yako, na kilichonitisha si vidole. Hakuna hata mmoja wenu anayekumbuka kutoka. Lakini mama yenu alitoka, la sivyo msingezaliwa. Muulizeni nani alifungua, alimshikaje mkono, alimpeleka wapi. Ayaseme akiwa macho, kwa kinywa chake, na binti yako awepo asikie mwisho wake. Kama mama naye hakumbuki, tafuteni ndugu yake yeyote aliye hai, hata kama ni mbali, hata kama hamsemezani.

Mpaka hapo, mtoto alale kwako.